Kigoda cha Bibi

Mjomba alimtandika Leokadia ubapa wa panga mdomoni, kisha akaielekeza ncha kwenye picha aliyokuwa akiichora.

Ilikuwa picha ya nyumba yao ya mawe kule Mgeta, ya tangu enzi za Mjerumani. Barazani marehemu bibi amekaa kwenye kigoda, babu amesimama nyuma yake. Na katika ukoo wao, anayekaa ndiye mwenye nyumba; ya mwanamke hurithiwa na mabinti, ya mwanamume na wana wa kiume.

“Nyumba ni ya baba yangu! Mkalishe yeye, mama asimame. Sasa hivi, kabla wazee hawajafika kuitazama na kugawa urithi!”

Leokadia alitema jino kiganjani. Damu ikajaa. Akachovya brashi humo, akaanza kukikoleza kigoda, palepale chini ya bibi.

Kivuli cha panga kikapanda juu ya picha. Ulikuwa umebaki mguu mmoja wa kigoda.