Mkono wa Mama Barabarani

Mahat alibonyeza "Iwe ya kulipia", kisha akafungua gemu ya malori aone kama kufuli imeshika.

Barabara ya Isiolo hadi Garbatulla aliitengeneza mwenyewe akaiongeza kwenye gemu hiyo, na watu wakaichukua bure. Sasa marafiki walimwambia jasho halitolewi sadaka. Asiyelipa angepita tu, bila sauti wala vitu vya njiani.

Akaendesha lori kama mtu ambaye hajalipa. Vumbi, mbuzi, migunga. Kwenye kona akamwona mama yake, na ule mtandio wa kijani uliochanika ncha.

Alimweka hapo miezi michache kabla ya kumzika. Sauti ilikuwa ya mama mwenyewe, aliyoirekodi jikoni: "Karibu mwanangu, kunywa kwanza." Lori likisimama, mama alimpa dereva kibuyu cha maziwa. Alipokuwa hai, mama alikuwa amekataa katakata maziwa hayo yauzwe. Msafiri hauziwi maziwa, alisema, hata kama ni mchezo.

Leo lori liliposimama, midomo ya mama ilicheza kimya. Kibuyu hakikuwepo. Ulibaki mkono peke yake, umenyooshwa hadi dirishani, kiganja kikitazama juu.

Mahat hakusogeza lori. Mama naye hakuushusha mkono.

Dada yake aliingia na nguo alizoanua, akasimama nyuma ya kiti, akatazama kioo cha kompyuta kwa muda.

"Mahat," akasema polepole, "kwani Mama anaomba nini?"