Injini Iliyogoma Barazani kwa Farida

“Baiskeli ya injini, na hujui koki ya mafuta iko wapi?”

Rutashobya aliuliza hivyo hata kabla hajamaliza kupanda ngazi za baraza ya duka la Farida, pale Kamachumu. Jamaa aliyekuwa ameinamia baiskeli alishtuka, akainua uso unaotiririka jasho. Baiskeli ilikuwa ya buluu, imefungwa injini ndogo katikati ya fremu, na kiti chake kilikuwa bado na nailoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nimekuuliza koki.”

Rutashobya alikuwa amestaafu kazi ya mashine ya kukoboa kahawa, na tangu hapo hakuna injini iliyokohoa Kamachumu asiitolee maoni. Pikipiki za watu, pampu za maji, mashine za kusaga, zote alishazitibu kwa mdomo, tena amekaa. Ilifika mahali wenye vyombo walikuwa wakimwona kwa mbali wanageuza njia. Leo amekuta injini imegoma na aliye nayo hana pa kukimbilia. Ilikuwa kama kualikwa karamu.

Wala hakuwa amekuja kwa hilo. Binti yake Joanitha, muuguzi mjini Bukoba, alimpigia simu asubuhi: “Tata, nenda dukani kwa Farida, kuna mzigo wako. Ukishauona unipigie.” Alijua ni dawa ya kuchua tena. Tangu magoti yaanze kumsumbua, Joanitha alimtumia dawa za kila rangi, naye alizipaka kwa kumheshimu mtoto, kisha akaendelea kukipanda kilima cha kuja dukani kwa fimbo yake. Farida alikuwa amefunga duka, amekwenda kuswali Ijumaa msikitini, ng’ambo ya barabara. Dawa ingesubiri.

Kwenye benchi alikaa Bartholomayo, jirani yake, akitafuna punje za kahawa.

“Ameikanyaga pedali tangu nifike,” Bartholomayo alisema. “Haitaki hata kupiga chafya.” Kisha akashusha sauti. “Mimi simfahamu huyu. Ni wa wapi?”

“Mtu injini imemshinda, wewe unamuuliza kwao,” Rutashobya akamjibu. “Ungekuwa daktari ungeua wengi.”

Aliegemeza fimbo ukutani, akapiga goti kwa taabu, akaikuta koki imefungwa. Akaifungua huku akitikisa kichwa ili Bartholomayo aone.

“Mafuta umechanganya na oili?”

“Nadhani,” jamaa alisema.

“Unadhani. Injini hii ukiilisha petroli tupu inajiua. Umeinunua lini?”

“Ni ya ndugu yangu.”

“Basi ndugu yako naye hana akili, kukuachia.”

Akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akachovya kidole na kukisugua. Mafuta yalikuwa yamechanganywa vizuri kabisa.

“Nimfutie maneno yangu,” alisema. “Ndugu yako ana akili sana. Mjinga ni wewe peke yako.”

Bartholomayo akacheka mpaka kahawa ikampalia. Jamaa naye alijaribu kucheka. Alitupa jicho msikitini, akalirudisha barabarani.

“Mzee, naomba tu iwake. Nina haraka.”

“Haraka ndiyo imekufikisha hapa.”

Rutashobya hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alieleza kazi ya kabureta. Alieleza jinsi alivyowahi kuifufua mashine iliyokuwa imeshatangazwa kufa. Ndipo alipopapasa plagi na kukuta haina waya. Waya ulikuwa umechomolewa, ukaviringishwa na kusokomezwa chini ya kiti.

Akauvuta, akauinua juu kama mtu aliyekamata nyoka.

“Bartholomayo, njoo uone msomi. Mtu anakanyaga pedali nusu ya kufa, kumbe waya kaukalia.”

“Nilisahau,” jamaa alisema.

“Hukusahau. Hukujua.”

Aliufuta kwa pindo la shati, akauchomeka mpaka ukalia. Kisha akamfundisha, polepole, kama anayemfundisha mtoto kula kwa kijiko: abane klachi, akanyage pedali mpaka baiskeli ishike mwendo, aachie klachi, awe amekaa imara. Alimrudisha mwanzo mara kadhaa. Na kwa sababu ushindi wa nusu si ushindi, alishuka mwenyewe barabarani, akamwamuru Bartholomayo ashike upande wa pili, wakasukuma. Magoti yalimlilia, akayapuuza.

Injini ikakohoa, ikashika, ikaanza kunguruma kama nyuki waliochokozwa. Jamaa aliinama mbele, akakata kona ya barabara ya Muleba bila kugeuka.

“Hata asante hajasema,” Bartholomayo alisema.

“Aibu hiyo. Ukimfundisha mtu mzima mbele ya mashahidi, asante inamkwama kooni.”

Akarudi barazani, akakaa, akanyoosha miguu. Muungurumo uliendelea kusikika upande wa pili wa kilima, laini, bila kukatika, naye akausikiliza huku amefumba macho. Kazi nzuri inajitangaza yenyewe. Joanitha angepaswa kuwa hapa aone baba yake bado ni mtu wa namna gani.

Watu walikuwa wakitoka msikitini. Farida alivuka barabara akifunga mtandio wake vizuri, na tabasamu lilimtangulia.

“Waitu, mzee wangu, injini nimeisikia nikiwa bado kule ndani,” alisema. “Nikajua mzee ameshafika, na Joanitha ameshindwa kuificha siri ya zawadi yake mpaka nirudi. Sasa huyo uliyempa aijaribu baiskeli yako ni nani?”