Bibi wa Siku ya Saba

Sheria inaipa nyumba siku saba. Nyumba ikikaa bila bibi wala babu hadi siku ya nane, inavunjwa, na waliomo wanagawiwa nyumba nyingine, kila mtu na kwake. Sisi tulikuwa tisa, na bibi yetu tulimzika Jumatatu.

Jumapili jioni begi la Sekela, binti yangu wa miaka sita, lilikuwa tayari mlangoni. Wiki nzima nilikuwa nikimtukana kimoyomoyo karani wa mtaa, ambaye kazi yake ni kutuletea bibi mwingine. Ndipo tukasikia hodi. Mlangoni alisimama mama mmoja mwembamba, amekumbatia kinu kidogo cha kutwangia karanga.

"Mimi Atupakisye," alisema. "Nimeletwa kwenu."

"Shikamoo bibi!" tuliitika wote, nami nikalia mbele za watu bila haya. Ambwene, mume wangu, alilibeba lile begi mbiombio akalirudisha chumbani.

Bibi alionja makande yetu, akasema hayana chumvi. Tulicheka mpaka basi, kwa sababu marehemu naye alikuwa akilalamika hivyohivyo. Kabla hatujamaliza kula, Sekela alikuwa ameshampakatia kinu chake.

Nilipokuwa namnawisha mikono, Sekela aliniuliza, "Mama, na wewe ukifa, watatuletea mwingine siku ya ngapi?"

"Kwa mama ni siku ya tatu," nilimjibu.

Alishusha pumzi. "Afadhali," akasema, akakimbia kwa bibi yake.