Chini ya Kiti cha Dhahabu

Baba wa mchumba hakukaa. Alikipindua kwanza kile kiti cha dhahabu, kama ilivyo ada ya maseremala wa mji wa Damieta, Misri, aone kazi ya upande uliofichika.

Sabri, baba wa binti anayeposwa, alikuwa amekumbuka yote, sharubati hadi maua, ila hilo.

"Nakshi hizi ni za mkono wako, Fundi?"

"Za mkono wangu, wallahi."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka thelathini alikuwa amechonga viti vya mtindo wa wafalme wa Ufaransa, vyote kwa sebule za watu. Leo, ili bintiye asidharauliwe, alihamishia sita nyumbani kwake kutoka karakana ya tajiri wake.

"Bahati yao watoto!" alicheka mama wa mchumba. "Mimi niliolewa na viti vinne, kimoja kikichechemea kuliko huyu mume wangu."

Mumewe hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya karatasi iliyobandikwa chini ya kiti. Iliandikwa jina la daktari wa mji wa Mansura, na siku ya kupelekewa mzigo: kesho.

Binti aliingia na sinia, akakiona kiti miguu juu. Jana alikuwa amesema, "Baba, tuwakalishe kwenye benchi letu. Si umelichonga wewe?"

Mgeni alikisimamisha kiti taratibu, wala hakukikalia.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "ninyi wenyewe huwa mnakaa wapi?"

Sabri aliutazama mlango wa chumba cha nyuma, alikolificha benchi.