Amehama kwa Muda

Siku hizi hakuna mtu wa kutafutwa. Unataja jina, ukuta wa nyumba unakufikisha alipo kwa sauti, na sheria inaulazimu useme kama amehama kwa muda au amehama kabisa. Ukuta wetu unamtii mume wangu, Shekue, kwa kuwa nyumba ni yake.

Tangu aende "kikazi" Korogwe, nikimwita ukuta hunijibu, "Amehama kwa muda, nakuelekeza." Hunipeleka kwa Mwanahawa, mshona nguo wa huko, nikasikia kijiko chake kikikoroga chai ya mume wangu. Sukari anazidisha, hajui kitu. Nikajipa moyo kwamba kwa muda ni kwa muda.

Jana jioni ukuta ulisema, "Amehama kabisa. Njia ya zamani nimeifuta."

Nilikwenda jikoni kupakua wali. Sebuleni, mwanangu Riziki aliuambia ukuta, kama kawaida yake nikiwa jikoni, "Niitie mama."

"Mama amehama kabisa," ukuta ukamjibu. "Nakuelekeza."

"Abee, mwanangu," ikaitika sauti ya Mwanahawa.

Riziki akatabasamu, akauegemea ukuta.