Sikukuu kwa Miguu

Walikuwa njiani kwenda kula sikukuu kwa ndugu zao, gari jeupe lilipowapita kwenye kona likiwapigia honi ya dharau. Masele akakanyaga mafuta kulifukuza. Bi Nyamizi, mama yake, akashikilia kiti kwa mikono miwili.

“Mwache aende, mwanangu.”

“Amenidharau, mama!”

“Basi niteremshe hapa. Sikukuu nitaifikia kwa miguu.”

Masele alicheka, lakini alipomwona anafungua mkanda, akasimamisha gari. Mama akashuka, akashika njia kando ya lami bila kugeuka. Magari yalimpita kwa kishindo, yakimpeperusha kitenge. Hakujua kama hasira imemwisha mwanawe. Alisikia tu gari likinguruma nyuma yake, likimfuata polepole, taa za tahadhari zikiwakawaka.