Wanaopata Mara Mbili

Tangazo la kukataza chai karibu na kompyuta lilimfikia dada mara mbili. Fundi, mdogo wake, alilipata mara moja.

"Ofisi inanipenda mimi," dada alicheka pale mapokezi, akimgeuzia kioo cha kompyuta ajionee. "Wewe unaambiwa, mimi nabembelezwa."

Fundi hakucheka. Tangu juzi simu yake ilikuwa haipoi kwa malalamiko: kila ujumbe uliotumwa kwa wafanyakazi wote uliingia mara mbili kwa baadhi yao, na kwa wengine mara moja tu. Alikuwa ameizima seva na kuiwasha, akabadili hiki na kile, wapi! Kimbelembele wa stoo, mtu asiyepitwa na neno, alishamwuliza mbele ya watu kama cheti chake alikiokota.

Akarudi kwenye chumba cha seva, kijichumba chenye baridi kilichokuwa zamani cha kuwekea mafagio, akafunga mlango. Safari hii aliiacha mashine, akawachunguza watu. Dada, mara mbili. Mhasibu mzee, mara mbili. Dereva mwenye mgongo mbovu, mara mbili. Vijana wa mauzo, mara moja. Kimbelembele, mara moja.

Ndipo alipoliona. Ndani ya anwani ya wafanyakazi wote mtu alikuwa amechomeka kundi jingine, jipya, lililopewa jina "Tarehe 30". Waliokuwemo walipokea kila kitu kama wafanyakazi, kisha wakakipokea tena kama wanakundi. Kumbe ni hilo tu lililomkosesha usingizi.

Alitaka kufurahi, moyo ukagoma. Wiki nzima watu walikuwa wakinong'ona kwenye korido kwamba tarehe thelathini ofisi itapunguza wafanyakazi, na lisemwalo lipo. Na kundi lenyewe ndilo hili: watu wa siku nyingi, wenye mvi, wenye kuumwaumwa. Jina la ofisa utumishi lilikuwemo pia, lakini hilo alilipita. Mtega mtego sharti aukague.

Kwenye jina la dada yake macho yalinasa. Mama yao alipofariki, ni huyu dada aliyemlea, akashona sare za watoto wa watu mpaka yeye akamaliza chuo. Sasa shemeji alikuwa mgonjwa wa figo, anasafishwa damu kila wiki kwa bima ya ofisi hii hii. Dada akifukuzwa, bima inakatwa, na shemeji hana siku nyingi. Fundi aliogopa, waziwazi, kama mtoto.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ofisa utumishi, mama mpole ambaye siku hizi alitembea akitazama chini.

"Umegundua nini, mwanangu?"

"Kuna kundi ndani ya kundi, mama. Nikilichomoa, yanakwisha."

"Lichomoe. Lakini majina usiyaguse. Saa nane nawatumia ujumbe wao, na mkurugenzi ameshahesabu vichwa. Haongezwi mtu, hapunguzwi mtu." Akashika kitasa, kisha akageuka. "Na wewe? Unapata mara ngapi?"

"Mara moja tu, mama."

Akamtazama kwa kitambo, akashusha pumzi.

"Haya. Pole na kazi."

Ana aibu, fundi alijisemea. Anajua nimejua. Mwenye macho haambiwi tazama.

Akalichomoa kundi. Kazi aliyopewa ikaishia hapo. Lakini damu ni nzito kuliko maji, naye alibaki ameketi, kidole kikichezacheza juu ya kitufe, mpaka akalifuta jina la dada yake. Idadi ikapungua kwa kichwa kimoja, na pengo lile lilionekana kama jino lililong'oka. Lazima aingie mtu.

Hakufikiri sana. Alijua ni dhambi, alijua hata Kimbelembele ana watoto, na bado aliliandika jina lake herufi kwa herufi, akahifadhi.

Alituma ujumbe wa majaribio, akaenda mapokezi.

"Sasa unapata mara ngapi, dada?"

"Mara moja, kama nyinyi maskini wengine," dada alisema kwa kudeka. "Umeninyang'anya raha yangu."

"Shemeji anaendeleaje?"

"Kesho anasafishwa tena. Tunashukuru, maadamu bima ipo."

Fundi alikaa pembeni ya meza yake asiondoke. Alitaka awe karibu naye wakati huo ukifika.

Saa nane ilipofika, simu zilianza kulia, moja huku, nyingine kule. Mhasibu mzee alisoma yake, akaiweka mezani taratibu, akafunika uso kwa viganja. Dereva alitoka nje. Fundi aliinamisha kichwa. Aliwahurumia kweli, lakini chini ya huruma ile kulikuwa na furaha aliyoionea haya.

Kisha ukelele ukasikika kutoka stoo. Kimbelembele alikuja mbio, simu juu, akimsomea kila aliye na masikio:

"'Wewe ni miongoni mwa tutakaoendelea nao baada ya tarehe thelathini. Wasiopata ujumbe huu watakabidhiwa barua zao jioni.' Jamani, nimebaki! Mimi, nimebaki!"

Dada alibofya, akangoja, akabofya tena. Halafu akamgeuzia mdogo wake kioo cha kompyuta, kama alivyofanya asubuhi.

"Hebu nitazamie, fundi wangu," alisema. "Mbona huu sijaupata hata mara moja?"